Anza na Ua wa Nyumba, Ndipo Uje kwenye Ua la Mti

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wakazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam wanaoanza kupanda miti kwenye nyumba zao mpya. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, akina baba na vijana, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja mapema kabla jua halijapanda.

Lugha yetu ina neno moja fupi linalobeba vitu viwili. Kuna ua la mti, wingi wake maua. Kuna ua wa nyumba, wingi wake nyua. Makosa mengi ya bustani za nyumbani hapa mjini yanatokana na kuanza na lile la kwanza na kuusahau huu wa pili. Mtu anapita kando ya barabara, anauona mche umechanua ndani ya kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea miche, anaupenda papo hapo, analipa, anaupakia kwenye bajaji. Akifika nyumbani ndipo anauliza: tuupande wapi? Ndugu zangu, swali hilo lilitakiwa kuulizwa kabla hajatoka nyumbani. Anza na ua wa nyumba, ndipo uje kwenye ua la mti. Nitalirudia neno hili, mnivumilie.

Tuanze na kipimo. Chukueni kiwanja cha mita 20 kwa 20, na nyumba ya mita 12 kwa 10 katikati yake. Mbele na nyuma unabaki na mita 5. Kila ubavu unabaki na mita 4. Humo humo utoe njia ya gari, shimo la maji taka, tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo. Ardhi iliyobaki kwa ajili ya mti ni kiasi gani? Ni kidogo. Na hakuna ubaya wowote kuwa na kidogo, mradi ukijue.

Sasa sikilizeni kisa cha nyumba ambayo kila mtaa unayo. Mwenye nyumba aliona mkrismasi umewaka mwekundu mwezi wa Desemba, akatafuta mche, akaupanda mbele, mita 2 kutoka ukuta wa uzio. Mwaka wa kwanza na wa pili ilikuwa furaha tupu. Mwaka wa tano mti ukapita paa. Kisha vijani vyake vidogo vikaanza kujaza mifereji ya paa, na maji ya mvua aliyokuwa akiyakinga kwenye tangi yakaanza kumwagikia ukutani. Baadaye sakafu ya baraza ikainuka, ukuta wa uzio ukapata ufa unaoingia kiganja. Mwaka wa kumi wakaja watu wa msumeno. Miaka kumi ya maji, samadi na kufagia, imeishia kuwa kuni.

Je, mkrismasi ni mti mbaya? Hata kidogo. Ni mti wa Madagaska, mzuri kuliko mingi, lakini ni mti wa uwanja wa shule. Taji lake hutanuka mita 10 na zaidi, mara nyingi upana ukaushinda urefu, na mizizi yake minene hutambaa juu juu ya ardhi. Kilichokosewa ni kipimo, mti hauna kosa. Jakaranda nao ni vivyo hivyo, na una jambo la ziada: hupenda baridi ya mwinuko. Ndiyo maana Nairobi na Arusha hugeuka zambarau kuanzia Septemba na Oktoba, na huku kwetu pwani mti ule ule hutoa maua ya kubahatisha.

Kanuni ni rahisi, muiandike. Uliza mti huo ukikomaa kivuli chake kitakuwa na upana gani. Gawa kwa mbili, ongeza mita 1. Mti wa kivuli cha mita 4 unakaa mita 3 kutoka ukutani. Kutoka shimo la maji taka na mabomba yake, acha mita 5 kama unazo. Mizizi haitoboi bomba zima. Inafuata unyevu unaovuja kwenye maungio, inapenya hapo na kunenepea ndani. Kwa hiyo bomba la zamani lenye maungio mabovu ndilo la kuogopa zaidi. Chini ya waya za umeme usipande chochote kitakachozidi mita 3. Mafundi wa umeme wakifika na panga hawatakuuliza ulitaka mti uwe na umbo gani.

Nikisema mti mdogo, basi, nina maana ya mti unaokoma kati ya mita 2 na mita 6. Ndio unaotosha nyua zetu.

Baada ya kipimo, udongo. Dar es Salaam siyo udongo mmoja. Kigamboni unachimba mchanga unaomeza maji kama kitambaa. Vilima vya Goba na Kimara vina udongo mwekundu unaoshikana. Mabondeni maji yanasimama. Na Oysterbay, kama ilivyo sehemu kubwa ya Unguja na Mombasa, chini kuna mawe ya matumbawe yenye chokaa nyingi.

Lakini kuna udongo wa aina nyingine ambao hauko kwenye ramani yoyote, nao uko kwenu nyote mliojenga juzi. Ni kifusi. Fundi akimaliza kazi hufukia mabaki ya saruji, chokaa na matofali pembeni mwa msingi, anasawazisha, pakawa safi. Miezi sita baadaye mama wa nyumba anapanda iksora sita, vile vichaka vya maua, kwenye mstari ule ule, anamwagilia kila jioni. Tatu za mbali na nyumba zinastawi. Tatu za karibu na msingi majani yake machanga yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Anadhani ni njaa, anaongeza samadi. Hakuna kinachobadilika. Kwa nini? Chuma kimo udongoni, lakini chokaa ya saruji inaufanya mmea ushindwe kukinyonya. Dawa yake ni koleo: ondoa kifusi chote mpaka ufikie udongo wa asili, jaza udongo mzuri uliochanganywa na mboji. Au kaa mita 1 na nusu mbali na msingi. Iksora na gadenia ndizo zinazoumia kwanza. Mkomamanga na franjipani huvumilia chokaa vizuri zaidi, ndiyo maana utaziona zinachanua juu ya matumbawe.

Nakuja kwenye jambo zito, na naomba wenye watoto wadogo wanisikilize kwa makini.

Nyuma ya pwani na kwenye nyika za Kenya na Tanzania kuna mti mdogo unaoitwa msunguti. Ukiuona umechanua utautamani: majani ya kijani kinachong'aa, maua meupe yenye wekundu kidogo, harufu nzuri. Wawindaji wa Kiwaata na Wakamba walichemsha vipande vya mti huo kwa saa nyingi mpaka ikapatikana lami nyeusi, wakaipaka kwenye mishale. Kwa mishale hiyo Wawaata waliangusha tembo. Sumu hiyo inauvuruga moyo, unapoteza mpigo wake.

Kwa nini nawaambia habari za wawindaji kwenye mazungumzo ya bustani? Kwa sababu ndugu wa msunguti wanauzwa kando ya barabara zetu. Oleanda, ile yenye maua ya waridi, meupe au mekundu na majani membamba marefu, ni wa ukoo huo. Oleanda ya njano, yenye maua kama kengele na tunda la kijani ambalo watoto hupenda kulichezea, ni wa ukoo huo, na mbegu yake ndiyo hatari zaidi. Waridi la jangwani, lenye shina nene kama chupa, ni wa ukoo huo. Zote hubeba sumu ya moyo, kwenye jani, gome, mbegu na utomvu. Hata moshi wa kuni za oleanda unadhuru, na mishikaki haichomwi kwa vijiti vyake. Wenye nyumba Lushoto, Moshi au Arusha, ongezeni lile ua refu jeupe au la rangi ya pichi linaloning'inia kama tarumbeta. Hilo si la ukoo huu, lakini linavuruga akili na linaweza kuua.

Je, tuing'oe yote? Kwa nyumba yenye mtoto chini ya miaka sita, au yenye mbuzi wanaozurura, jibu letu ni kwamba msipande oleanda zote mbili. Ipo miti ya kutosha isiyo na hatari hiyo. Waridi la jangwani likiwa kwenye chungu juu ya kibaraza kirefu, mtoto asipofikia, sawa. Na mtoto akila sehemu yoyote ya miti hii, usingoje dalili, usimlazimishe kutapika, usimpe maziwa ukidhani ni dawa. Kata kitawi chenye jani na ua, kibebe, mkimbize mtoto hospitali. Kitawi hicho kitamwambia daktari kinachoendelea mwilini mapema kuliko maelezo yako.

Jambo la nne ni la jirani, na jirani wakati mwingine ni msitu. Kwenye Hifadhi ya Milima ya Mahale, mkoani Kigoma, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wanakaa sokwe mtu. Kabla eneo hilo halijawa hifadhi ya taifa mwaka 1985, watu waliokuwa wakiishi huko walipanda mti wa maua ya manjano kutoka Amerika ya kitropiki, unaoitwa Senna spectabilis. Walipanda kwa uzuri wake, kama mimi na wewe tungefanya. Watu wakahama, mti ukabaki. Ukamwaga mbegu, ukaota kwa msongamano, ukaanza kuziba nafasi ya miti ya asili. Watunzaji wa hifadhi wamelazimika kupita mti kwa mti wakimenya gome kuzunguka shina ili ufe ukiwa umesimama. Budongo, Uganda, nako mti huo huo umeingia msituni.

Mti huo bado unauzwa, na una ndugu wengi wa maua ya manjano ambao muuzaji huwaita kwa jina moja. Tekoma nayo, ya maua ya tarumbeta ya njano, mbegu zake zina mabawa na hupeperuka mpaka kwenye viwanja vitupu. Kama unaishi ukingoni mwa msitu au bonde la mto, Pugu au Kazimzumbwi kwa mfano, usiipande. Na sababu ya kuihitaji kwa kweli hakuna, kwa sababu manjano tunayo yetu wenyewe.

Upo mti wa nyikani kwetu, Cassia abbreviata, wenye majina kadiri ya makabila na ambao waganga wengi wanaujua kwa gome lake. Mwishoni mwa kiangazi, wakati kila kitu kimekauka na vumbi limetanda, unachanua manjano matupu, tawi zima, kabla mvua ya vuli haijanyesha. Makunde yake marefu yananing'inia miezi mingi. Hufika mita 3 mpaka 10 kulingana na mahali, kwa hiyo uupe pembe ya uwanja, siyo ubavu. Kama pembe huna, ipo Bauhinia tomentosa, ya asili ya huku kwetu pia, inayokoma mita 4. Ua lake ni kengele ya njano nyepesi, mara nyingi na doa jeusi ndani, na linainamia chini kwa adabu. Wa milimani wana Dombeya burgessiae, mita 3 au 4, maua meupe na ya waridi kwa mafungu, na nyuki hawayaachi. Inasikitisha kuona mtu anasafiri kutafuta mche wa ng'ambo huku hii inakatwa kuni nyuma ya nyumba yake.

Haya. Tumeupima ua wa nyumba, tumechimba udongo, tumewafikiria watoto na jirani. Sasa tunaruhusiwa kuja kwenye ua la mti. Na hapa nitakaa kidogo kwenye mti mmoja, franjipani, kwa sababu kwa nyua za Dar es Salaam hatuoni unaoushinda.

Jina lake la kitaalamu, Plumeria, limetokana na Charles Plumier, mtawa wa Ufaransa wa karne ya 17 aliyekwenda visiwa vya Karibi kuandika habari za mimea. Asili yake ni huko Amerika. Uzuri wake mkubwa uko usiku. Ua la franjipani hutoa harufu nene zaidi giza likiingia, kwa sababu linawaita nondo wakubwa wa usiku. Nondo anakuja akitarajia asali, anaingiza ulimi wake mrefu ndani ya ua, halimo tone hata moja. Anahamia ua la pili, la tatu, la nne, akitafuta, na katika kutafuta kwake anabeba chavua. Mti umewaita wageni na chungu hakiko jikoni. Kwa mwenye nyumba maana yake ni hii: panda franjipani unapokaa jioni, siyo getini unapopita mchana. Na uangalie upepo. Kusi inavuma kutoka kusini miezi ya katikati ya mwaka, kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba. Mti ukikaa upande upepo unakotoka, harufu inaingia chumbani. Ukikaa upande wa pili, unamfurahisha jirani.

Zipo za aina tatu sokoni. Yenye majani yaliyochongoka, ambayo hupukutika kiangazi na kuacha matawi matupu kama vidole, hiyo ina rangi nyingi na harufu kali. Hufika mita 5 hadi 7. Yenye majani ya ncha ya duara, ya kijani kizito, huwa na majani karibu mwaka mzima na maua meupe yenye njano katikati. Ya tatu ina majani yaliyobana katikati kama kijiko, maua meupe kwa mafungu karibu mwaka mzima, urefu wa mita 3 tu. Hiyo ndiyo ya ubavu mwembamba wa nyumba, lakini harufu yake ni hafifu sana, wengine hawaisikii kabisa. Muuzaji anaweza asikwambie. Uliza, na unuse mwenyewe, jioni.

Huhitaji hata kununua. Mwombe mwenye mti kitawi cha sentimita 30 hadi 45, kilichokomaa na kuwa kijivu, siyo kibichi cha kijani. Kikate wakati wa kiangazi. Pukutisha majani, kilaze kivulini siku 7 mpaka 14 mpaka utomvu ukauke na kidonda kifunge. Watu wengi wanaruka hatua hii, wanachomeka kitawi siku hiyo hiyo, wanamwagilia kila siku kwa mapenzi, na baada ya wiki tatu shina linakuwa laini na jeusi chini. Kimeoza. Kichomeke sentimita 10 kwenye mchanganyiko wa mchanga sehemu mbili na udongo sehemu moja, kimwagilie mara moja, halafu kiache mpaka majani yatokee. Mizizi inachukua wiki 6 mpaka 8. Utomvu wake mweupe unawasha ngozi na macho, kwa hiyo nawa mikono. Ukiona unga wa rangi ya chungwa chini ya majani, hiyo ni kutu ya franjipani. Kusanya majani yaliyoanguka uyachome, na usimwagilie majani jioni.

Baada ya franjipani tunaupa nafasi mkomamanga. Maua yake yana wekundu wa kaa la moto, unavumilia jua kali na chokaa, na unakupa tunda. Acha shina moja au matatu, machipukizi yote ya chini yaondoe kila mwezi, la sivyo utabaki na kichaka. Makomamanga yakipasuka mtini kabla ya kuiva, karibu kila mara ni umwagiliaji wa kushtukiza: ukavu wa wiki tatu halafu ndoo nne kwa mkupuo. Wa Dodoma na mikoa mikavu, huu ndio mti wenu.

Kuhusu haibiskasi sitasema mengi, mnaijua. Huchanua mwaka mzima, inakatika unavyotaka, na wadudu weupe wenye unga wanaipenda. Maji ya sabuni, kijiko kimoja kwa lita, mara mbili kwa wiki.

Mti ukishachaguliwa, nenda kitaluni. Usichague kwa maua. Mche uliojaa maua ndani ya kiriba kidogo mara nyingi ni mche uliobanwa. Inua kiriba. Kama kimegoma kwa sababu mizizi imetoboa na kuingia ardhini, muuzaji ataikata ili akupe, na umeuziwa mche ulioachiwa nusu ya mizizi. Mwombe akufungulie kimoja uone. Mizizi iliyojizungusha kama kamba ndani ya kiriba itaendelea kujizungusha ardhini, na miaka kadhaa baadaye inajinyonga yenyewe au mti unaanguka kwa upepo. Chagua shina linalosimama bila fimbo, nene chini na jembamba juu. Mche wa sentimita 60 wenye mizizi mizuri unaushinda wa mita 2 uliochakaa, tena kwa bei ndogo.

Shimo liwe na upana wa sentimita 60. Kina kiwe sawa na urefu wa kiriba, siyo zaidi. Najua wengi mmefundishwa kuchimba 60 kwa 60 kwa 60. Ukichimba kina hicho na kujaza udongo laini chini, udongo huo unashuka mvua zikinyesha, mti unashuka nao, shingo ya shina, pale shina linapokutana na mizizi, inafukiwa na kuoza. Samadi iliyooza vizuri, debe moja, ichanganye na udongo uliotoka shimoni. Samadi mbichi usiweke, inaunguza mizizi. Chana kiriba chote ukitoe, na mizizi inayozunguka ikate kwa wima sehemu tatu. Shingo ya shina ibaki usawa wa ardhi au sentimita 2 juu yake. Mwagilia ndoo nzima ya lita 20 siku hiyo. Wiki mbili za kwanza lita 10 kila baada ya siku mbili, kisha ndoo nzima mara mbili kwa wiki kiangazi chote cha kwanza. Kwenye mchanga, gawa maji hayo mara nne. Franjipani na waridi la jangwani zipeni nusu ya hapo.

Matandazo ya nyasi yawe na unene wa sentimita 8, lakini yaache shina kwa kiganja kizima, maana mchwa wa huku hupitia kwenye nyasi kavu kuingia kwenye gome. Kama unaegemeza mti, funga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kwa mzunguko wa namba nane, na kiondoe mwaka ukiisha.

Mwisho kabisa, mkasi. Mnaujua mlangilangi, ule ambao mama zetu wa Unguja na Pemba huchanganya maua yake na asumini na rehani kwenye kikuba. Ukiuacha hupita mita 15. Lakini Komoro, wanakolima mlangilangi kwa ajili ya mafuta ya manukato yanayouzwa duniani kote, hukuti msitu mrefu. Wanaukata kileleni ukiwa mchanga, karibu mita 2, na kuyainamisha matawi yatanuke kando, ili mchumaji asimame chini na kuchuma alfajiri bila ngazi. Wanaurudia kila mwaka. Ni mti ule ule, na umbo lake limeamuliwa tangu udogoni. Anayesubiri mti ufike mita 8 ndipo aukate kwa panga katikati anapata kisiki kinachochipua vijiti dhaifu, na uozo unaoingia kupitia kidonda.

Kabla ya kukata, jua ua linatokea wapi. Haibiskasi huchanua kwenye tawi jipya, kwa hiyo ikate kwa nguvu kabla ya masika. Franjipani huchanua kwenye ncha: kila ncha unayokata itatoa matawi mawili au zaidi, lakini ncha hiyo umeinyima maua ya msimu mmoja. Cassia yetu huchanua kwenye matawi matupu yaliyokomaa, na aliyeipogoa Julai ameyakata maua yake yote kabla hayajatoka. Isubiri mpaka imalize kuchanua. Tawi nene lichanje kwanza kwa chini, sentimita 30 kutoka shinani, kisha likate kwa juu ili lisichane gome, halafu ondoa kigutu kilichobaki ukiacha ule uvimbe mdogo tawi linapoungana na shina. Uvimbe huo ndio unaofunga kidonda. Usipake rangi wala lami.

Vuli iko karibu. Wiki hii, kabla hamjaenda kununua chochote, kila mmoja achimbe shimo la upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 40 pale anapofikiri mti utakaa. Lijaze maji, liache liishe, lijaze tena, usimamishe kijiti uweke alama. Baada ya saa moja pima. Maji yakishuka sentimita 3 mpaka 10, hapo panafaa. Yakishuka zaidi ya 15, ni mchanga, ongeza mboji na panga kumwagilia kidogo kidogo. Yakishuka chini ya 2, inua tuta la sentimita 30 juu na mita 1 na nusu kwa upana, na mti ukae juu ya tuta. Andikeni kipimo hicho pamoja na umbali wa kutoka ukutani, mje nacho mkononi siku ya kuchagua miche.